Glasi ya Princesse

Léonie Chama ameshonea nusu ya mtaa wa Hewa Bora nguo za sherehe, na mkono wake hauna papara. Lakini Jumatatu ile, mbele ya Dokta Mulenga wa kliniki ya macho, ulisokota pindo la gauni lake mpaka uzi ukakatika.

Dokta alikuwa amemulika macho ya Princesse, binti wa Léonie, akaona madoa meusi pembezoni. Ugonjwa wa kurithi, alisema. Unaanza kula uoni wa kando, taratibu, mpaka mtu abaki kuona kama kupitia tundu. Ng'ambo kuna watafiti wanaojaribu dawa za kurekebisha kasoro hiyo, ila kwanza ijulikane ni kasoro ipi, na macho yawe bado yana uhai. Ijumaa angewapelekea damu ya Princesse, pamoja na ya ndugu yeyote aliyekwisha kupofuka, kama yupo.

"Mama Princesse, mu famille kuko muntu mwenye haonake?"

Akilini Léonie alimwona Faustin, kaka yake, akipapasa ukuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyempandisha treni kwenda kwa shangazi yao, mjini Sakania, majirani wasije wakasema ukoo una laana. Na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa Princesse.

"Hakuna, dokta. Shiye wote tunaona muzuri."

"Hata bajomba?"

"Uko polisi, dokta?"

Dokta hakucheka. "Damu ya mutoto peke yake inaweza kukosa kutuonyesha kitu. Ijumaa nafunga liste ya majina."

Aibu ni ugonjwa wa pili, na huu hatuwezi kuusingizia damu.

Ijumaa simu ya Léonie ililia mara tatu, ikionyesha jina la dokta. Alikuwa akipiga pasi kikwembe, kitenge cha Princesse cha kuvaa kesho yake, akaiacha ilie.

Jumamosi, saa tisa, jua liliwaka uani. Wageni walikaa chini ya turubai, kwenye kivuli kizito. Kama ilivyo desturi, Princesse alipewa glasi ya bia ampelekee mwanamume anayemtaka. Alitoka juani, akaingia kivulini, akasita. Kisha akapiga magoti, akampa glasi Mzee Mwaba, mjomba wa mchumba wake, Chance.

"Ee! Anapenda muzee!"

"Chance, rudia kwenu!"

Vicheko vililipuka. Princesse naye alicheka, huku macho yakimtafuta Chance aliyempungia mkono hatua moja tu kutoka pale.

Léonie alikijua kicheko kile. Faustin alianza hivyo hivyo.

Akasimama. "Musicheke. Mutoto haone. Na kaka yangu Faustin iko kipofu, iko Sakania. Ni miye nilimuficha."

Mzee Mwaba aliiweka glasi chini, haijaguswa.

Léonie alisogea ukutani, akampigia dokta, akamwambia habari za Faustin.

"Mama, liste ilienda jana," sauti ilisema. "Ingine, sijue ni lini. Lakini mulete Faustin."

Nyuma yake viti vilianza kuburutwa, wageni wakiinuka kuondoka.

"Chance," Princesse aliita, "uko wapi?"

Chance alikuwa amesimama ubavuni pake.