Siku Nilipomvua Seline Koti

Nimewahi kuitwa mume wa mwanamke ambaye hata jina lake nilikuwa silijui. Mchana kweupe, mbele ya watu.

Na sikuwa nimemgusa hata mkono.

Nilikuwa nimegusa koti lake tu.

Tulieni niwape mkanda wote.

Ni Kisumu, mwaka wa tisini na tatu. Nimemaliza fomu foo, na matokeo yamekuja yamechoka kuliko mimi. Lakini Mungu hamnyimi mja wake vyote. Nilikuwa na jicho. Ukipita mbele yangu, kabla hujafika kona nishajua shati lako limekosea wapi.

Siku hizi kazi hiyo ina jina refu, na watu wanaifanyia ofisini penye viyoyozi. Sisi tuliita kurekebisha luku, yaani mwonekano wa mtu. Mimi nilijiita Daktari.

Zahanati yangu ilikuwa benchi, nje ya studio ya picha ya Bwana Salim, si mbali na Jubilee Market. Mtu akija kupiga picha ya kuombea kazi, ama ya kumtumia mchumba, namkamata mlangoni. Mwenye shingo fupi namfungua kifungo cha juu. Mwenye miguu ya korongo namkataza suruali ya kubana. Mwalimu mmoja wa Nyalenda nilimvua tai ya maua, nikampa ya rangi moja, akatoka kwenye picha kama mkuu wa shule.

Na nilikuwa na mbinu. Kabla ya kutibu, nacheka.

"Mzee, hilo koti ni lako ama umemshikia mtu?"

Benchi zima linaangua kicheko. Mtu akishaona haya, anakaa chini mwenyewe atengenezwe. Aibu ndiyo ilikuwa sindano yangu ya ganzi.

Bwana Salim hakuipenda.

"Seif, iko siku utamcheka mtu, ulimi ukwame hapo hapo."

"Ukikwama si utanipiga picha, bwana?"

Basi, Ijumaa moja akaja mwanamke. Rika la dada yangu mkubwa. Amevaa koti la mwanaume, la kijivu, pana kama hema, tena kaligeuza, ndani ikawa nje. Bitana nje, mishono nje, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi.

Akasimama mbele ya benchi. Haingii studio, haendi zake.

Mimi nikaona riziki imejileta.

"Mama, stima zilipotea ukivaa?"

Watu kwikwi.

"Ama koti ndilo limegeuka, linatafuta njia ya kukutoroka?"

Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka benchini. Jamaa mmoja tu, mtu wa Obunga, hakucheka. Aliinuka, akaninong'oneza, "Omera, achana na huyo mama," akaenda zake. Nikasema moyoni, wivu huo.

Mwanamke akaniangalia. "Wewe ndiye Daktari?"

"Ndiye mimi."

"Sasa nifanye nini?"

"Nilivue hilo koti, nikuvalishe kama watu."

Akanyoosha mikono. "Nivue basi."

Nikalivua. Nikaligeuza, nikalikung'uta, nikamwekea mkononi likiwa limekunjwa vizuri. Nikamfunga kitambaa cha manjano kichwani, maana ngozi nyeusi ile ilikuwa inakililia. Akapendeza, wallahi. Nikamwonyesha kioo. Hakukitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, akaondoka bila kupiga picha.

Nikafikiri ni vumbi.

Jumatatu akaja mwanaume mrefu, mabega kama mlango.

"Nani hapa anaitwa Daktari?"

Nikanyanyua mkono, nikijua mteja.

"Habari yako, mume wa Seline."

Benchi likaangua kicheko. Safari hii linanicheka mimi.

"Mimi ni Dalmas," akasema. "Ndugu yangu alikufa. Seline ni mjane wake. Amekuwa akivaa koti la marehemu, ameligeuza, ndiyo chola, maombolezo yetu. Kwetu koti hilo huvuliwa na yule atakayemrithi mjane, na aliyepangiwa ni mimi. Sasa Seline amerudi nyumbani na koti mkononi. Anasema limevuliwa na mwanaume wa Kisumu."

Mimi mtoto wa Kaloleni. Matanga ninayoyajua ni kisomo na sadaka.

"Sikujua, wallahi!"

"Hayo njoo uwaambie wazee kule kwetu Pap Onditi, keshokutwa. Sema hukujua, tumrudishie koti, nilivue mimi, yaishe. Ama sema ulijua, uje umrithi, umjengee nyumba."

Alipoondoka nilimtazama Bwana Salim anisaidie.

"Nenda," akasema. "Na ujaribu kufunga mdomo."

Nikaenda na msamaha wangu nimeupanga kichwani kama nguo ya Idd. Kabla sijafika kwa wazee, Seline akanikamata kwenye soko la Pap Onditi, akanivuta nyuma ya magunia ya mtama.

"Umekuja kusema nini?"

"Kuomba msamaha, mama. Kwamba sikujua."

"Usithubutu."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nilikutafuta," akasema. "Studio mbili nilizopita, kila aliyeniona alijua koti ni la nini, akakwepa. Nikasikia kuna kijana anacheka kila mtu, hajui kitu na haheshimu kitu. Nikasema, huyo huyo."

Jamani. Nilijiona mjanja wa mji, kumbe mimi ndiye niliyewindwa.

"Dalmas ana wake wawili, na wote wawili wanaujua uzito wa mkono wake," akaendelea. "Nikilivua mwenyewe, watasema nimemtupa marehemu, wanifukuze na watoto. Akilivua yeye, mimi ni wake. Ukisema hukujua, koti linarudi mgongoni mwangu leo hii."

"Na nikisema nilijua?"

"Watakuona mtu bila haya." Akanitazama juu mpaka chini. "Si ndiyo kazi yako?"

Wazee walikuwa wamekaa uani kwa Seline, na wanawake wamesimama pembeni. Mkubwa wao, jaduong' Laban, alisema polepole kama anayepima maneno kwa kibaba.

"Kijana, ulipomvua mjane koti, ulijua unachofanya?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Neno moja tu. Dalmas alikuwa ananitikisia kichwa: sema, sema hukujua.

"Nilijua, mzee."

Wanawake wakafyonya kwa pamoja. Bibi mmoja akatema mate chini.

"Utamjengea?"

"Sijengi."

"Una dada?"

"Ninao, mzee."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Mwambie tumempa pole."

Heri wangenichapa. Nilitafuta utani wa kujifunikia, mmoja tu, hata wa kuazima. Hakuna.

Mzee Laban akageuka. "Koti halivuliwi mara mbili. Dalmas, kaa chini. Mama abaki na watoto wake."

Seline alinisindikiza hadi barabarani. Nikajua sasa nashukuriwa.

"Asante," akasema. "La koti umelilipa."

"Kwa hivyo tumesameheana, mama?"

"La koti." Akanigeukia. "Siku ile nilikuja kutafuta mikono yako tu. Nilikuwa nimemvaa mume wangu. Ukamsimamisha mbele ya watu, mkamcheka. Kicheko sikukiomba."

Akarudi nyumbani.

Habari ilinitangulia Kisumu. Daktari amemvua mjane koti, na alijua! Wateja wakapungua. Mama yangu hakunisemesha mpaka mfungo ukaisha. Na sikuweza kujitetea hata kwake, kwa sababu siku nikisema sikujua, koti linarudi. Ikabidi niivae hiyo sifa miaka na miaka.

Naandika leo kwa sababu mtoto mkubwa wa Seline ndiye mwenye boma sasa, na hakuna wa kumvalisha mama yake kitu asichotaka.

Kazi bado naifanya. Ila mtu akisimama mbele yangu na vazi la ajabu, siku hizi naanza na salamu, halafu nauliza, "Hii nguo ni ya nani?" Nasubiri anijibu mpaka mwisho.

Ndugu yangu, kabla hujacheka nguo ya mtu, jua kwanza amemvaa nani.