Majibu kwa Mkuu wa Kaya

Ilikuwa sauti ya mti ukigonga kitu laini. Nilikuwa nimeshuka kwenye pikipiki kando ya njia, sanduku la vipimo begani, na kwa muda nilijilazimisha kuamini kwamba mtu anatwanga. Masaki ya Kisarawe hutwangwa makopa ya muhogo kila siku, na mchi una mwendo wake: unashuka, kinu kinajibu, mtwangaji anavuta pumzi. Sauti hii haikuwa na jibu. Ilishuka ikaishia hapo iliposhukia, ikakaa kidogo, ikashuka tena mahali pengine. Kisha nikasikia mwanamume akihema, na baada yake mlio mwembamba ambao niliutambua kwa sababu ndiyo kazi yangu: paka mkubwa, mwenye maumivu, aliyefunikwa uso.

Nilizunguka nyumba. Mwenye nyumba alikuwa amesimama chini ya mkorosho na mpini wa jembe mkononi. Miguuni pake kulikuwa na kiroba cha salfeti kilichofungwa kamba mdomoni, na kile kiroba kilikuwa kinajisogeza. Mkewe alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa jiko akimenya muhogo, ila macho yake hayakuwa kwenye muhogo wala kwenye kisu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, daktari. Karibu. Tunamtia adabu mgonjwa wako."

Paka alikuwa amekojoa kitandani, kwa mara nyingine. Mzee alinieleza bila hasira, kama mtu anayeeleza palipovuja bati. Alikwisha kumtupa msituni, akarudi. Huku ndiyo desturi: paka anayekera hatiwi kisu, hutiwa kwenye kiroba ili asiione njia, akaachwa mbali. Yeye alikuwa ameiongezea desturi hiyo mpini.

"Kumuua siwezi, kuua paka ni dhambi," akasema. "Ila humu ndani simwoni. Fimbo ikifika mahali, mimi najuaje ni wapi?"

Alicheka, akafungua kamba. Paka alitoka kwa kutambaa, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya maji iliyokuwa mlangoni, akaanza kunywa. Alikunywa kwa muda mrefu mno. Hapo ndipo nilipojua ana ugonjwa ninaoutafuta.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu ulihusu ugonjwa sugu wa figo kwa paka wazee. Baadhi ya paka wangu walikuwa Mbwawa, kule Kibaha, kwenye nyumba mpya za watumishi na wahamiaji wa kutoka bara. Wengine walikuwa Masaki, ambako paka hujitafutia. Figo iliyochakaa haiwezi kubana mkojo. Maji hupita karibu kama yalivyoingia, kwa hiyo mnyama hunywa kupita kiasi na kukojoa kupita kiasi, popote anapobanwa. Hakuna ukaidi ndani yake. Nilitaka kumwambia hivyo yule mzee palepale, lakini mpini ulikuwa bado mkononi mwake, nikaona nianze kwa kuomba ruhusa ya kutoa damu.

"Toa. Na mkojo unataka?"

"Na mkojo, mzee."

"Kwani wa watu umeisha huko mjini?" Akaucheka utani wake, akashika njia ya kwenda kwenye tanuri lake la mkaa.

Mkewe ndiye aliyenishikia paka. Alikuwa na umri wa kuwa mama yangu mdogo, mwembamba, na alimshika paka kwa viganja vilivyolegea. "Usimkaze, mwanangu," akaniambia. "Akikazwa anajua ndiyo yanaanza." Nilipapasa mbavu, nikakuta mbili zilizowahi kuvunjika zikajiunga vibaya. Nilikitafuta kibofu kwa vidole, nikapitisha sindano kwenye ukuta wa tumbo, nikavuta. Mkojo ulikuja mweupe kama maji ya kisima. Wakati huo khanga ilikuwa imemteleza yule mama mabegani, na nikaiona mikono yake.

Michubuko ina kemia yake. Damu iliyovuja chini ya ngozi huvunjwa polepole, ikitoka zambarau kwenda kijani na kutoka kijani kwenda manjano, na anayeujua mpangilio huo anaweza kusema lipi lilitangulia. Mikono yake ilikuwa na rangi zote kwa pamoja, tena upande wa nje, ule ambao mtu huuinua kukinga kichwa. Nilijaribu maelezo mengine, moja baada ya jingine, kama ninavyofanya maabara kabla ya kukubali matokeo nisiyoyataka. Kuanguka hakukutosha. Kubeba kuni hakukutosha.

Niliendelea na maswali ya kawaida, kwa sababu yalikuwepo. Kwanza nilimwahidi, kama tunavyowaahidi wote, kwamba atakayonieleza hayatatoka.

"Anapewa dawa yoyote, mama?"

"Tunagawana."

"Mnagawana nini?"

Alifungua pindo la khanga akanionyesha vidonge vya diklofenaki, vile vya maumivu vinavyouzwa kila duka la dawa. "Mimi nameza asubuhi na jioni. Yeye namkatia kipande, nakitia kwenye dagaa. Siku yakitukuta sote wawili, namwongezea."

Alisema hivyo kwa upendo, na upendo huo ulikuwa unamuua paka. Vidonge hivyo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mwili wa paka hauwezi kuvimudu kabisa, na wa binadamu huvimudu kwa muda tu. Nilimtazama mama uso wake uliovimba chini ya macho. Uvimbe ule ungeweza kuwa wa kipigo; ungeweza pia kuwa wa figo. Sikuwa na njia ya kutofautisha kwa macho, na mimi si daktari wa watu.

"Acha kumpa, mama. Vinamharibu figo."

"Na mimi niache?"

"Uache. Uende zahanati wakupime."

"Nikaseme nimepatwa na nini?" Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kweli kujua mtu husema nini.

Utaratibu wetu ulitaka kila kaya itaje mtu wa kupigiwa simu kukitokea shida baada ya paka kutolewa damu. Simu ya nyumba ile alikaa nayo mumewe. Mama alinitajia namba ya kaka yake anayelima Dutumi, akaitaja kwa kichwa bila kusita. "Mpigie huyo. Huyo anapokea."

Maabara ya Kibaha ilithibitisha nilichokwisha kukijua. Kreatinini, ile taka ambayo figo nzima huitoa kwenye damu, ilikuwa imejaa. Mkojo ulikuwa mwepesi. Nilirudia vipimo mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama namtafuta paka mwingine ndani ya damu ileile. Nilienda kwa msimamizi wangu wa utafiti, profesa aliyekwisha kufundisha vizazi, nikamweleza kuhusu paka kisha kuhusu mikono.

"Kibali chetu ni cha paka," akasema.

"Najua, profesa."

"Ukiingia kwenye ndoa za watu, mwanangu, hakuna kaya Masaki itakayokufungulia mlango tena. Rudisha majibu kwa mkuu wa kaya kama tulivyowaahidi. Umalize."

"Mkuu wa kaya ndiye anayepiga."

Alivua miwani akaifuta kwa muda. "Basi yaseme kwa upole," akasema.

Nikayatayarisha kwa upole. Njia nzima nilipanga sentensi, nikizibadilisha mpangilio. Nilijiambia kwamba mtu anayepiga kwa kudhani ni ukaidi, akielezwa kuwa ni ugonjwa, ataweka mpini chini; na nyumba ambayo mpini umewekwa chini kwa ajili ya paka huenda ikauacha hapo kwa ajili ya wengine. Hoja hiyo ilinipendeza kwa jinsi ilivyojengeka. Ndivyo tunavyofundishwa: sababu ikijulikana, tabia hubadilika.

Nilimkuta mzee ameketi juu ya gunia la mkaa, kikombe cha chai mkononi. Mkewe alikuwa ndani, mlango ukiwa wazi. Alinisikiliza vizuri, pengine kuliko kaya yoyote niliyopitia.

"Kwa hiyo si mkorofi," akasema.

"Si mkorofi, mzee. Ni mgonjwa. Hawezi kujizuia."

"Hatapona?"

"Hatapona, lakini anaweza kuishi vizuri kwa muda. Apewe maji mengi, na vile vidonge vya maumivu visimamishwe."

"Vidonge gani?"

Macho yangu yalikwenda mlangoni kabla sijayazuia. Yeye akayafuata.

"Humu ndani," akauliza kwa sauti ya chini, "nani ana maumivu?"

Alikiweka kikombe chini kwa uangalifu, mbali na mguu wake asije akakimwaga. Mpini ulikuwa umeegemezwa ukutani. Aliuchukua akaingia ndani, na nikaisikia ile sauti, safari hii bila kiroba.

Nilipofika mlangoni alikuwa akimpiga kwa utaratibu, kama anayepura kunde. Begani. Mgongoni. "Unakwenda kunitangaza," alikuwa anasema kati ya pigo na pigo. "Kwa watu wa mkojo. Kwa watu wa mkojo wa paka." Mama aliinua mkono wa kushoto, ule upande wa nje ninaoujua, na mfupa ukatoa sauti kavu ya kijiti cha muhogo kinachovunjwa ili kipandwe. Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, ndefu, kisha mkono ukashuka ukiwa na kona mahali ambapo hapana kiungo. Paka alichomoka uvunguni, akakojoa pale sakafuni kwa hofu, na mzee akageuka akampiga teke lililomrusha hadi kwenye jiwe la kusagia. Aliinuka, akaanguka, akaburura miguu ya nyuma hadi nje.

Niliushika mpini kwa mikono yote miwili. Aliuvuta na mimi nikaja nao, nikagonga fremu ya mlango, nikaangukia sanduku langu. Chupa zilipasuka ubavuni mwangu, na damu ya paka wa Mbwawa niliyoitoa asubuhi ikanilowesha gauni. Aliinua mpini juu yangu. Nilimwona akifikiri. Kisha akaushusha.

"Daktari, wewe ni mgeni wangu," akasema, akihema. "Majibu nimeyapata. Nenda."

"Nenda, mwanangu," mama akasema kutoka sakafuni. "Usingoje."

Nyumba ya jirani, ng'ambo ya ua wa makuti, mtu alikuwa anatwanga. Mchi ulishuka, kinu kikajibu. Haukukosa pigo hata moja muda wote huo.

Mwenye pikipiki alikuwa ananingoja njiani. Aliliangalia gauni langu.

"Hiyo damu yako, dada?"

"Ya paka."

"Mama je?"

Kumbe naye alikuwa amesikia. Alipiga stati, akasema bila kugeuka kwamba wale ndivyo wanavyoishi, miaka yote, na kwamba yule mzee ukimkuta msikitini humdhanii.

Aliniteremsha Kisarawe mjini. Niliketi kwenye benchi mbele ya duka lililofungwa, simu mkononi, nikaanza kupima. Mtendaji wa kijiji ni mdogo wa yule mzee. Mzee mwenyewe aliwahi kuniambia hivyo kwa fahari. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, lakini wangetaka mlalamikaji, na mlalamikaji angeulizwa mbele ya mumewe, angesema ameanguka, kisha wangeondoka na yeye angebaki. Profesa angesema kibali. Tena nilikuwa nimemwahidi mama, kwa kinywa changu, kwamba atakayonieleza hayatatoka, na muda mfupi uliopita yalikuwa yametoka kwa macho tu. Kila njia niliyoipima ilikuwa na kasoro, na wakati naitafuta isiyo na kasoro, mkono wake ulikuwa unavimba kule ndani na mpini ulikuwa mahali fulani mle chumbani.

Niliifungua orodha ya namba ili nimpigie profesa. Juu ya namba yake palikuwa na namba ya Dutumi, nami nilikuwa nimeihifadhi kwa maneno yetu ya kawaida: mtu wa kupigiwa kukitokea shida. Nilikumbuka alivyoitaja bila kusita. Mimi nilikuwa nimeuliza kuhusu paka. Lakini mtu wa kumpigia alikuwa amemchagua yeye mwenyewe.

Nilibonyeza. Iliita kidogo tu, ikapokelewa. Nyuma yake watu walikuwa wanalima, niliyasikia majembe.

"Shikamoo, kaka. Mimi ndiye ninayempima paka wa dada yako, kule Masaki."

"Marahaba. Aa, daktari wa paka." Aliongea kwa furaha. "Alinihadithia, nikamcheka. Nini, paka amekufa?"

"Paka sijui yuko wapi, kaka. Ni dada yako. Amevunjwa mkono sasa hivi, na mumewe, kwa mpini wa jembe. Nilikuwepo. Yupo naye peke yake ndani."

Majembe yaliendelea kidogo, kisha yakanyamaza, moja baada ya jingine. Nilimsikia akimwambia mtu alete pikipiki, kisha akarudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Usikate," akasema. "Anza mwanzo, nasikiliza huku natembea."

Nikaanza na ile sauti.