Jina la Ndama wa Bibi

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, nilitoka nyumbani Kagarama kwenda kumpa ndama jina. Bibi, mama yake baba, alikuwa amepiga simu kwamba ng'ombe wake amezaa. Nilipokuwa darasa la nne aliniahidi: jina la ndama wa kwanza litatoka kwangu. Nilikuwa nimechagua Mwangaza.

Kwenye njia panda ya Sonatubes nilishuka kwenye pikipiki, nikapanda basi la Kabuga. Nilikaa dirishani ili nisiongeleshwe, nikalirudia jina moyoni.

Kutoka Kabuga nilitembea saa nzima. Zamani Bibi aliishi peke yake mlimani, nami kila likizo nilimchotea maji bondeni. Mwaka jana wazee walihamia kijiji kipya: nyumba zimepangana, umeme upo, bomba liko mlangoni. Bibi alifungua maji kwa kidole kimoja, akacheka. Nakiri, nililionea wivu hata bomba.

"Ndama yuko wapi, Bibi?"

"Kule chini, kwenye zizi la wote. Ule mteremko magoti yanaukataa. Aline ndiye anayenikamulia."

Aline ni binti wa nyumba ya pili, rika langu. Aliingia bila kubisha, akaweka maziwa palepale yanapowekwa. "Mukecuru," alimwita, yaani bibi kizee, "Keza ameshiba."

"Keza ni nani?" niliuliza.

Bibi alivuta khanga yake. "Ndama. Msimamizi wa zizi alitaka jina siku ileile, aandike. Ng'ombe ni wengi mule. Aline alikuwa pale, akalitoa yeye."

"Na simu si iko?"

"Nilisahau, mjukuu wangu. Furaha ilinizidi."

Aline akanitazama. "Kumbe ndiye yule wa mjini asiyesema? Mbona leo anasema?"

Nilikunywa maziwa nikitamani yawe machachu. Yalikuwa matamu.

Jioni, Aline alipokwisha kwenda kwao, nilimwuliza Bibi ndama ana rangi gani.

"Aline anasema kahawia, doa jeupe usoni."

"Anasema?"

"Mimi sijamwona bado."

Siku nzima nilidhani mimi ndiye niliyenyang'anywa ndama.

Jumapili, kabla ya kwenda kupanda basi, nilibisha kwa Aline. Wivu haukuwa umeisha. Tuliteremka zizini. Yeye akavuta kamba, mimi nikasukuma kwa nyuma, tukaupanda mteremko wote hadi mlangoni kwa Bibi. Kila mara ndama aliposimama, nilimwita: "Keza, twende."