Kahawa Aliyoinywa Kinyamadege

Ghanim alikuwa mpishi wa meli, mtu wa Unguja aliyefika Maskati mwaka sitini na nne akiwa na sanduku moja la nguo na maneno ya kujaza masanduku kumi. Kupika alijua. Kunyamaza ndiko kulikomshinda.

Baada ya miaka minne akataka kumwoa Kheiria, binti wa Ami Yaarub wa mji wa Matrah. Hakuwa na mzazi pale, akamchukua jirani yake Aflah, mzaliwa wa mji, amsemee. Njiani Aflah akamuusia: "Wakikupa kahawa, iweke chini. Usiiguse mpaka mzee akubali. Ukiinywa kabla, basi ulikuja kunywa kahawa tu, na posa imekufa."

"Hilo tu? Jepesi!"

Kahawa ikaja, Ghanim akaiweka chini. Aflah akaitoa posa. Mzee akawa anavuta tasbihi. Nyuma ya pazia wanawake wanasikiliza. Mwishowe mzee, kwa kupitisha wakati tu, akauliza: "Huko Australia meli ilikokufikisha, umeona nini?"

Masikini, bora asingeuliza.

"Ami, kuna mnyama! Manyoya ya fuko, mdomo wa bata, anataga mayai na ananyonyesha. Mie namwita kinyamadege."

"Astaghfirullah!"

"Wallahi nimemwona! Anakaa kwenye vijito vya maji baridi, kachimba shimo ukingoni, chini ya mizizi. Akizama anafumba macho, anaziba masikio, anatafuta wadudu kwa mdomo tu. Hivi!"

Akafumba macho, akatia mdomo kwenye kikombe, akapekuapekua, akafyonza hadi tone la mwisho.

Aflah akamfinya paja. Wapi!

"Lakini wanammaliza, Ami. Miti ya ukingoni wanaikata, udongo unaporomoka, shimo linafukiwa na watoto wamo ndani. Mito wanaiziba kwa mabwawa. Na ile mitego ya kuvulia kamba wa mtoni! Yeye lazima apande juu avute pumzi, akinaswa humo hatoki. Mmoja nlimtoa mie mwenyewe, kashakufa. Mdomo wake laini, Ami, hata usingeudhania..."

Akainamisha uso, ndipo alipokiona kikombe kitupu.

Aflah alikuwa keshaanza kutafuta viatu. Ghanim naye akajiinua. Mara sauti ya Kheiria ikatoka nyuma ya pazia:

"Baba, mtilie nyingine. Ile ya kwanza kainywa yule mnyama."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee akajaribu kununa, ndevu zikamsaliti. Akamimina mwenyewe.

Safari hii Ghanim aliikalia mikono yake na mdomo kaufunga, jambo ambalo Matrah haikuwahi kuliona. Kahawa ikafuka moshi, moshi ukaisha. Mzee akamtazama mpaka akaridhika.

"Haya kunywa, mwanangu, inapoa. Na hiyo habari ya mnyama wako kamsimulie mkeo. Sie tushaisikia."