Duka la Chini ya Meza

Mama Sindano anashona sare za shule, na watoto wake wawili hawaendi shule. Mtaa mzima hulicheka jambo hilo. "Anawavisha wa wenzake, wake wamebaki uchi wa elimu," majirani humtania. Naye hujibu bila kuondoa mguu kwenye cherehani: "Uchi wa viboko, labda."

Ana sababu. Alipokwenda chekechea ya jirani kupima viuno na mabega, aliwakuta watoto wadogo wamekaa kidole mdomoni, kimya kama nguo zilizotundikwa, wakimngoja mwalimu amalize kuongea na simu. Mmoja alitekenywa na futikamba ya kupimia, akacheka. Akachapwa. Mama Sindano alirudi na vipimo vyake, pamoja na hasira ambayo haijapoa mpaka leo.

Wake, basi, walisomea chini ya meza ya kukatia. Pale palikuwa na duka: makopo na paketi tupu, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina lake. Binti wa miaka mitano, aliyeitwa Bosi, ndiye alikuwa muuzaji. Mdogo wake ndiye mteja. Mteja akitaka chumvi akapewa sukari, analalamika mpaka jirani anasikia. Kusoma kuliwaingia kama usingizi unavyoingia. Hakuna aliyeona kulipoanzia.

Kisha akaja wifi yake, dada wa mumewe, kukaa siku chache. Akamwita Bosi, akamkabidhi gazeti.

"Simama wima. Soma."

Bosi akatazama vidole vyake vya miguu.

"Wifi, huyu mtoto mzito."

"Si mzito. Umemwamrisha. Mwombe akuuzie kitu, utamsikia."

"Nimwombe mtoto wa kaka yangu? Nimekuja sokoni mimi?"

Akampigia simu kaka yake, dereva wa lori, hapo hapo mbele ya Mama Sindano. "Kaka, wanao wanacheza tu. Kutwa chini ya meza kama paka." Sauti ikajibu kwamba akifika atamsikiliza mtoto mwenyewe; Bosi asiposoma, Jumatatu chekechea.

Siku ya kurudi kwa dereva, Mama Sindano alitoka kupeleka mzigo wa sare. Aliporudi alikuta chini ya meza peupe, pamefagiliwa. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unajiviringisha. Na watoto wake walikuwa wamekaa kwenye viti, kidole mdomoni.

"Nani kawafundisha hivyo?"

"Mimi," wifi akasema, ana furaha ya mtu aliyetenda wema. "Ona walivyotulia! Na yale makopo nimeyachoma. Kaka angekuta mkewe anaishi jalalani?"

Mama Sindano alipiga magoti, akawatoa vidole midomoni taratibu, kama anayetoa miiba.

Dereva akaingia na vumbi lake. Kabla hajanywa maji, dada mtu akampa Bosi gazeti. "Msomee baba." Bosi akatazama tena vidole vyake vya miguu.

"Umeona sasa?"

Dereva akashusha pumzi. "Mke wangu, tulikubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi wawili, kwa simu, mimi nimekaa hapo kama kiti!"

Dereva akachuchumaa mbele ya bintiye. "Bosi, duka lako liko wapi?"

"Limeungua. Shangazi kalichoma."

"Lote?"

"Hata chumvi." Akaanza kulia.

Dereva hakujua la kufanya, akatoka hadi kwenye lori, akarudi amekumbatia maboksi matupu aliyoyakuta nyuma ya kiti. "Haya, mzigo mpya. Pokea."

Bosi akajifuta kwa pindo la gauni, akaingia chini ya meza. Boksi la biskuti akaliweka ndani. La maziwa ya unga, ndani. La tatu lilikuwa la kahawia tupu, halina picha, maandishi tu. Akalitembezea kidole.

"Mi... su... misumari." Akalisukuma nje kwa mguu. "Baba, rudisha. Sisi tunauza chakula. Unataka wateja watoboke matumbo?"

Dereva alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Kumbe anasoma! Basi, mke wangu, habari ya chekechea imekwisha." Akamtazama mkewe, akingoja tabasamu.

"Kumbe?" akasema Mama Sindano. "Kila ukipiga simu nakwambia anasoma. Leo amesoma boksi la misumari, umeamini. Mimi maneno yangu yalikuwa na kasoro gani?"

Dereva akaliokota boksi la misumari.

"Wifi, yameisha basi," dada mtu akasema kwa upole. "Mtoto anabaki nyumbani, si ndicho ulichotaka?"

"Anabaki, ndiyo. Hayajaisha."

Akaketi kwenye cherehani, akakanyaga, na jioni ile hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze kelele.