Sarafu ya Mama Mwenye Watoto Watatu

Harufu ya ndimu na jivu hunichosha mpaka leo. Wenzangu wakiisikia hukumbuka Idi. Mimi hutafuta pa kukaa.

Enzi za Mwingereza tulilima mpunga Mtunda, kwenye delta ya Rufiji, tukiishi dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili tulinde shamba dhidi ya nguruwe na ndege. Mama alikuwa mtu wa kuchoka. Aliamka amechoka, akalala amechoka. Siku moja jembe lake likafukua sarafu nene ya shaba, imeota ukijani. Upande mmoja kichwa cha mwanamke aliyesuka nywele. Upande wa pili mwanamke amesimama, kapakata mtoto mchanga, na wawili wadogo wamemshika nguo.

Bwana Misitu, Mzungu aliyekuwa akishuka kukagua mikoko, aliigeuzageuza. Alisema yule ni mke wa mfalme wa Roma ya kale, na wa nyuma ni Uzazi, maana Warumi waliuchora kama mtu. Akatoa shilingi mbili. Nyumbani hata chumvi hatukuwa nayo.

“Siuzi, bwana,” mama akasema. “Hawa watatu nawajua.”

Watatu ndio aliowazika: kaka zangu wawili na kichanga kilichowafuata. Nilibaki mimi tu. Kila adhuhuri aliifungua sarafu kwenye pindo la kanga, akapitisha kidole gumba juu ya vile vichwa, na uso wake ukapoa kidogo.

Idi ikakaribia, na kwetu hakuna chombo cha shaba kilichoingia Idi bila kusuguliwa. Kwa kusugua nilikuwa bingwa, masufuria yaliniogopa. Mama alipokwenda kuoga nikaichukua ile sarafu. Ndimu, jivu, mchanga, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Iling'aa, wallahi! Nikamkimbilia.

Aliigeuza. Yule mwanamke alibaki kivuli, amesimama peke yake.

“Wako wapi wanangu?”

“Nimeing'arisha, mama. Ya Idi.”

Aliifunga tena kwenye pindo la kanga. “Haya. Kalete kuni, mwanangu.”

Nililia kwa kukosa sifa, na kwa miaka mingi niliona mama aliipenda shaba kuliko mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikuwa bado mzazi. Nilijua kwamba mafuriko ya Rufiji yaliyachukua makaburi ya ndugu zangu. Sikujua kwamba mama alikuwa amewahamishia kwenye ile sarafu.