Sifongo, Mkebe wa Mama na Kunguni wa Bweni Letu

Mwalimu wetu wa sayansi alikwenda Mombasa likizo moja tu, akarudi Nakuru anatembea kama mtu aliyeichimba bahari kwa jembe lake. Alileta sifongo wa baharini ndani ya chupa ya spiriti, kitu cha rangi ya chai iliyolala, akamfungia kwenye kabati la vioo na ufunguo akautia mfukoni mwa koti.

Sikatai, somo lenyewe lilikuwa tamu. Alituambia yule ni mnyama: hana meno, hana miguu, hawezi kukimbia, lakini samaki hawamli kwa sababu mwili wake umejaa dawa kali. Tena wavuvi walimwonyesha sifongo wawili wa aina moja, waliotoka sehemu mbili tofauti. Wa kwanza ukimshika, mkono unawasha mpaka jioni. Wa pili hana neno. "Mahali anapokaa ndipo panapompa ukali," alisema, akatuandikisha mara mbili.

Muhula uliofuata maneno hayo yalikuwa yamemtoka kichwani. Alipanda pareto nyuma ya darasa, tuone kwamba hata ua hujilinda kwa dawa yake ya kuua wadudu. Joto la hapa mjini haliitaki pareto. Ikatoa majani mengi kama sukuma wiki, na maua mawili matatu ya kuonea huruma. Akayakausha, akayasaga, akatunyunyizia vitanda, akatangaza kwamba kunguni wamekwisha.

Kunguni hawakupata habari hiyo. Asubuhi Mwalimu alipouliza, bweni zima lilijibu kwamba tumelala fofofo, huku kila mtu akijikuna mguu kwa kisigino cha mguu wa pili. Kiranja ndiye aliyesifu kuliko wote, na shingo yake ilikuwa na vipele kama gunzi la mahindi.

Ngozi yangu ndiyo isiyo na adabu. Huvimba. Mwalimu aliniona macho yamefura, akasema dawa yake haina kosa, kwa hivyo kosa ni langu: mimi ni mchafu. Jumamosi godoro langu lichomwe, nami nirudi nyumbani mpaka nijue kuoga. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Mtu mwenye ulimi angejitetea. Mimi nikiitwa jina tu natoka jasho. Niliinamisha kichwa, nikaonekana mchafu zaidi.

Mama yangu huchuma pareto kwenye shamba la mzungu kule Mau Narok. Mwanzo wa muhula alinipa mkebe wa unga wa maua, akaniambia pareto ya baridi ya kwao ndiyo yenye nguvu, ya huku chini ni nyasi tu. Sikuufungua. Mwalimu alikuwa amekataza dawa za kutoka nyumbani, akisema pareto ni pareto.

Jumamosi godoro lilitolewa nje, Mwalimu akiwa ameshika kiberiti. Nilichuchumaa, nikaweka glasi mbili chini. Kila moja ilikuwa na kunguni watatu niliowatoa katika kitanda cha kiranja, maana huko ndiko walikonona. Glasi moja nikaitia unga wa Mwalimu niliokung'uta kitandani, ya pili unga wa mkebe wa Mama.

"Nini hii?" akauliza.

Nilionyesha kwa kidole.

Kunguni wa glasi ya Mwalimu walitembea juu ya unga kama wazee wanaokagua shamba. Wa mkebe walianza kuyumba kama walevi wa busaa, wakaanguka chali, miguu ikapigapiga hewa, kisha ikatulia. Bweni zima liliinama kutazama. Hapo ndipo niliposema neno langu la pekee muhula ule.

"Mwalimu, ni kama sifongo."

Mwalimu akarudisha kiberiti mfukoni. "Rudisha godoro," akasema. Kisha akawageukia wengine, akawaambia alikuwa anatupima kama tutaigundua tofauti, na kwamba ni mmoja tu aliyefaulu. Kiranja akapiga makofi.

Mkebe wa Mama aliuchukua. Siku hiyohiyo uliwekwa katika kabati la vioo, na karatasi yenye mwandiko wake mzuri: Pareto Kali, Uchunguzi wa Mwalimu. Ufunguo ukarudi mfukoni mwa koti.

Basi mtihani niliufanya macho yakiwa bado yamefura. Dawa pekee inayoua kunguni shuleni inamlinda sifongo, ambaye hajaumwa hata siku moja.